Urembo katika Wimbo wa Lawino: Nani Ameshika Kipimo?

Paul Sozigwa, mtangazaji wa Redio Tanzania aliyewahi kuwa katibu wa habari wa Rais Nyerere, aliutia katika Kiswahili utungo mashuhuri wa Okot p'Bitek. Wimbo wa Lawino ulichapishwa Nairobi mwaka 1975, miaka 9 baada ya toleo la Kiingereza.

Aghalabu watahiniwa huueleza kwa sentensi moja: urembo wa Kizungu ni mbaya, wa Kiafrika ni mzuri. Jibu hilo halitoshi.

Kwanza, Lawino hamkatazi Mzungu kujipamba Kizungu. Hoja yake ni kwamba nywele, ngozi na mapambo ya kila jamii yana uzuri wake. Anachokipinga ni kipimo kimoja kutumiwa kwa watu wote, na mumewe Ocol ndiye anayekishika kipimo hicho anapomwita mshenzi.

Pili, Lawino si shahidi asiyeegemea upande. Ni mke aliyeachwa. Anapomsawiri Clementine, yaani Tina, kwa midomo iliyopakwa rangi, poda na mwili uliokonda, kejeli yake inauma na kuchekesha, lakini inamdhalilisha mwanamke mwenzake kwa umbile. Okot alimpa Ocol nafasi ya kujibu mwaka 1970. Tina hakuandikiwa wimbo wake.

Kimya hicho kina uzito darasani. Katika mitaa kama Kayole, Dandora na Umoja, msichana mweupe husifiwa kuwa ni "rangi ya thao", kama noti ya shilingi 1,000, ilhali mweusi hubandikwa majina. Huyo mweusi huenda akanunua mkorogo, ambao huweza kuwa na zebaki inayodhuru figo. Mwalimu akimsomea maneno ya Lawino kama hukumu, atakuwa amemcheka mara ya pili: kwanza alichekwa kwa weusi wake, sasa anachekwa kwa kuukimbia.

Kwa hivyo, mtahiniwa atenganishe sauti ya nafsineni na msimamo wa mtunzi. Aeleze kejeli inamlenga nani na kwa nini. Kisha aulize swali ambalo Lawino, kwa uchungu wake, hakuuliza: Tina alijifunza kwa nani kwamba uso wake hautoshi? Anayelijibu swali hilo kwa ushahidi wa kutoka katika utungo ndiye aliyeusoma Wimbo wa Lawino.