Kushuku kwa Haki

Mkulima wa Matulo, karibu na Webuye, hufukia mbegu zake za mahindi mvua za Machi zinapokaribia, na msimu mzima hutegemea ahadi iliyoandikwa kwenye pakiti. Eneo hili limezizoea mbegu za kununua: Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mbegu chotara ya mahindi H611 ikatolewa 1964. Ila ahadi, hata ya muuzaji mwema, hupimwa.

Tuseme dai ni kwamba asilimia 90 ya mbegu huota. Fundi wa takwimu hachoti za juu pekee. Huchota sehemu mbalimbali za shehena, akachanganya, akahesabu 400, idadi iliyozoeleka katika maabara za mbegu. Huzilaza kwenye karatasi yenye unyevu, na siku ya saba huhesabu miche.

Kabla ya hapo amejiuliza: dai likiwa kweli, bahati peke yake ingeyumbisha hesabu kiasi gani? Huzidisha 0.9 kwa 0.1, akagawanya kwa 400, akatafuta kipeuo cha pili: 0.015, yaani asilimia 1.5. Zikiota 352, sawa na asilimia 88, bahati tupu ingeleta upungufu huo au zaidi takriban mara 11 katika 100. Zikiota 348, bahati ingeleta upungufu huo au zaidi kama mara 3 tu. Hapo shaka ina msingi.

Ninachokisifu katika ufundi huu ni nidhamu yake. Mpaka wa kulikataa dai huwekwa kabla ya kuhesabu, maana anayeungoja mche ndipo aweke mpaka atausogeza upande wa matamanio yake. Na miche 352 haithibitishi dai. Inasema tu kwamba sababu ya kulikataa haijatosha. Wenye haraka hawalipendi jibu hilo, lakini ndilo linalomkinga muuzaji dhidi ya sampuli yenye bahati mbaya.

Mpaka wenyewe, mara 5 katika 100, ulioenezwa na mwanatakwimu Ronald Fisher mwaka 1925, ni mapatano ya watu. Kukataa mbegu njema humgharimu muuzaji shehena. Kupitisha mbovu humgharimu mkulima mwaka mzima wa chakula. Hesabu haiwezi kuchagua kosa lipi ni zito zaidi. Ikiisha kazi yake, inatuachia swali hilo tulijibu waziwazi, mbegu zikiwa bado ghalani.