Kusoma Anga Kwenye Ufukwe wa Kyela

Kutazama nyota ni ufundi wa macho kabla ya kuwa ufundi wa vyombo. Anayeanza hahitaji darubini wala elimu ya chuo. Anahitaji giza, upeo wa macho usiozibwa, na moyo wa kurudi tena usiku unaofuata. Moyo huo kila mtu atautafuta mwenyewe. Giza na upeo vipo tele kwenye ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, na ni vigumu kutaja mahali pengine Tanzania panapomfaa zaidi mwanafunzi wa anga.

Ramani yenyewe inaeleza kwa nini. Kyela iko karibu nyuzi 9.5 kusini mwa ikweta, na ziwa linaanzia hapo kwenda kusini kwa zaidi ya kilomita 500. Mtu aliyesimama Ngonga au Matema akielekea kusini ana maji matupu mbele yake, na vilima vya upande wa Malawi viko chini sana hata haviwezi kumficha nyota yoyote ya maana. Mashariki hali ni tofauti. Pale Matema Milima ya Livingstone inashuka karibu hadi ukingoni mwa maji, na kila nyuzi 15 za ukuta huo humcheleweshea mtazamaji nyota kwa muda wa saa nzima. Anayependa kuona nyota zikichomoza ni bora asogee magharibi, upande wa Itungi na Ngonga. Kwa kuwa ikweta haiko mbali, karibu anga lote la kaskazini na la kusini hupita juu ya wilaya hii katika mwaka mmoja. Nyota ya Ncha ya Kaskazini, ambayo vitabu vingi vya Ulaya huanzia nayo, haichomozi Kyela kamwe, kwa hiyo mwanafunzi wa huku aanzie kwingine.

Wanaolijua giza kuliko wote ni wavuvi wa usipa. Wao huvuta samaki kwa taa, zamani karabai na sasa mara nyingi taa za betri, na mbalamwezi ikiwaka taa hizo hupoteza nguvu. Ndiyo maana huingia ziwani kwa wingi siku za giza. Kalenda ya mtazamaji ni hiyohiyo: wiki moja kabla ya mwezi kuandama na siku chache baada yake. Mwanafunzi akiona mitumbwi mingi ikisukumwa majini jioni, ajue usiku ni wake pia. Awe mwangalifu tu na taa zenyewe, kwa sababu kwa mbali, palipokutana maji na anga, taa ya mtumbwi hufanana kabisa na nyota inayochomoza. Njia ya kuzitenganisha ni kungoja robo saa. Nyota itakuwa imehama, taa itakuwa bado inacheza na mawimbi palepale juu ya maji.

Mvua ndiyo kikwazo kikubwa. Kyela ni miongoni mwa wilaya zinazopata mvua nyingi sana nchini, na Aprili na Mei mbingu hufunga usiku baada ya usiku. Juni hadi Agosti ndio msimu wenyewe. Septemba na Oktoba anga huwa kavu, lakini moshi wa mashamba yanayochomwa huzififisha nyota za chini.

Jua likizama, giza kamili hufika upesi katika latitudo hizi, na kufikia saa mbili usiku au baada yake kidogo kazi inaweza kuanza. Macho nayo yana ratiba yao. Yanahitaji dakika 20 hadi 30 bila mwanga wowote ili yafunguke sawasawa, na kutupa jicho kwenye simu mara moja tu kunarudisha hesabu mwanzo. Tochi ifungwe kitambaa chekundu, kwani mwanga mwekundu hauyasumbui sana macho yaliyokwisha kuzoea giza. Ipo pia mbinu ambayo kila mtazamaji mzuri anayo: kitu hafifu hakitazamwi moja kwa moja. Jicho huelekezwa pembeni yake kidogo, kwa kuwa seli zinazohisi mwanga mdogo ni chache katikati ya jicho na ni nyingi kandokando. Wingu dogo la nyota lililokuwa limetoweka hujitokeza mara mtu anapoacha kulikodolea.

Kuna tahadhari za nchi kavu pia. Mbu wa Kyela hawana msamaha, hivyo nguo za mikono mirefu ni lazima. Midomo ya mito kama Mbaka na Lufilyo si mahali pa kukaa usiku, kwa sababu ya mamba na viboko. Na ni busara jirani na mwenyekiti wa kitongoji wakajulishwa mapema, kwa maana mtu asiyejulikana aliyelala chali ufukweni saa nne usiku huzua maswali ya haki.

Somo la kwanza ni Msalaba wa Kusini. Mwishoni mwa Mei, kukiwa na usiku usio na mawingu, husimama wima juu ya ziwa mnamo saa tatu usiku. Wanaoanza wengi hudanganywa na Msalaba wa Uongo ulio magharibi yake, ambao ni mkubwa zaidi na hafifu zaidi. Wa kweli hufuatwa na nyota mbili kali upande wa mashariki, Alpha Centauri na Beta Centauri. Mstari ukichorwa kutoka nyota ya juu ya Msalaba hadi ya chini, kisha ukaendelezwa mara nne na nusu ya urefu huo, hufika kwenye ncha ya kusini ya anga, mahali pasipo na nyota yoyote kali lakini ambapo nyota zote za kusini hupazunguka. Hapo ndipo ziwa linapoonyesha faida yake. Ngumi iliyonyooshwa mbele kwa mkono mzima hufunika karibu nyuzi 10. Ngumi hiyo ikikalishwa juu ya mstari wa maji, upande wake wa juu hugusa ncha yenyewe. Mtu aliyefanya hivyo amepima latitudo ya Kyela kwa mkono wake, na hakuna chombo cha dukani kinachoweza kumpa furaha ya namna hiyo.

Alpha Centauri inastahili kukaliwa kidogo. Kwa jicho ni nyota moja, kwa darubini ni mbili, na ndio mfumo wa nyota ulio jirani zaidi na Jua. Hata hivyo nuru yake husafiri zaidi ya miaka minne kabla ya kufika Matema.

Julai na Agosti ni zamu ya Nge. Mkia wake uliopinda huonekana wazi kiasi kwamba hata mtoto haonyeshwi mara mbili, na moyo wake, nyota Antares, una wekundu usiokosewa. Nyuma ya mkia huo Njia Nyeupe hupita karibu utosini ikiwa nene kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa huko ndiko kwenye kitovu cha galaksi yetu. Watu wa Ulaya sehemu hiyo huiona chini, ukingoni mwa upeo, kama wakiiona kabisa.

Mwanzoni mwa Novemba, kabla mvua hazijakaza, Kyela hutoa kitu adimu. Mnamo saa nne usiku galaksi ya Andromeda huwa kaskazini, juu ya upande wa Rungwe, ikiwa doa hafifu lenye nuru iliyosafiri miaka milioni 2.5. Kusini, juu ya maji, Wingu Dogo la Magellan, galaksi nyingine kabisa, huwa limesimama wakati huohuo. Mtu hugeuza shingo tu. Wakati huo huwa tayari inapanda Kilimia, ambayo wakulima na mabaharia wa Afrika Mashariki waliitumia kupimia majira, halafu Jabari mwenye nyota tatu za mstari mmoja.

Sayari hutambulika kwa utulivu wa nuru yake: nyota humetameta, Zuhura na Mshtarii hazifanyi hivyo zikiwa juu angani. Vimondo havina miadi, ingawa mwishoni mwa Julai, baada ya usiku wa manane, huongezeka. Vingi ni punje tu zinazoungua. Kimojawapo kikubwa mno kiko Ndolezi, wilayani Mbozi: kipande cha chuma na nikeli chenye urefu wa mita tatu, kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 12 hadi 16. Mwanafunzi wa Kyela anaweza kupanda basi akakigusa kitu kilichotoka angani. Mkoa wa Mbeya ulipata pia bahati ya tarehe 1 Septemba 2016, kupatwa kwa Jua kulipoacha pete ya moto juu ya Rujewa, wilayani Mbarali. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa mstari wa mbele kuwaelimisha wananchi namna ya kulitazama Jua bila kuumiza macho.

Darubini inunuliwe baadaye, na ya kwanza iwe ile ndogo ya macho mawili inayokuza mara 7 au 10. Viwiko vikiegemezwa juu ya mtumbwi uliofudikizwa, mikono haitetemeki, na miezi minne ya Mshtarii, ileile aliyoigundua Galileo Januari 1610, huonekana imejipanga kando ya sayari.

Kinachobaki ni daftari. Kila usiku huandikwa tarehe, saa, hali ya anga na kilichoonekana. Baada ya wiki chache maandishi yenyewe yataonyesha kwamba kila nyota huchomoza dakika nne mapema kuliko jana, saa mbili kila mwezi, hadi mwaka unapotimia na kuirudisha kwenye saa yake ya kwanza. Sayari hazimo katika hesabu hiyo. Mshtarii hukaa karibu mwaka mmoja katika kila kundinyota la njia ya Jua na kukamilisha mzunguko kwa miaka 12. Zohali huchukua 29 na zaidi.