Ais ya Free Area: Barafu Inayoanzia Kileleni

Ais ya shilingi kumi inayouzwa madukani Free Area ina urefu wa kiganja cha mtu mzima na unene wa vidole viwili. Ni maji, sukari, rangi na ladha, basi. Hukorogwa kwenye ndoo, ikamiminwa kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, mfuko ukapigwa fundo na kulazwa kwenye friza hadi kesho yake. Hakuna anayeihesabu kuwa kazi ya sanaa. Mimi naihesabu, wala si kwa ajili ya utamu. Utamu ni maudhui, na kwa upande wa maudhui ais haina mengi: ni tamu, ni baridi, imekwisha. Penye la kusemwa ni kwenye fani. Katika vitu vyote vinavyoliwa kwa mkono mtaani, kuanzia mahindi choma hadi mayai ya kuchemsha yenye kachumbari, sijui kingine ambacho umbo lake limepanga kwa ukali namna hii kipi kitangulie, kipi kifuate, na mlaji abaki na nini mwishoni.

Kwanza mahali. Free Area iko mashariki mwa Nakuru, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, kabla hujafika Lanet. Nakuru ilitawazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, ila mtaani humu hati hiyo haikubadilisha mwendo wa mtu: makanga wanaita abiria, bodaboda zimejipanga kwenye steji, akina mama mboga wanakatakata sukuma wiki. Jiji liko yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi watu huvaa sweta, na jioni huzivaa tena. Joto linalomfanya mtoto adai ais ni la mchana tu, hasa kati ya Januari na Machi, kabla mvua hazijaanza, upepo unapolifukuza vumbi la Nakuru kutoka kiwanja hadi kiwanja. Kule Mombasa barafu ya ukwaju huuzwa mlangoni mwa nyumba mwaka mzima, na mzee mwenye kanzu huinunua bila kuona haya. Hapa ais ni ya watoto, na saa zake ni chache: kutoka kengele ya kufunga shule hadi jua linapopoa. Lazima iseme yake haraka. Ufupi wake, kwa hivyo, hautokani na bei peke yake.

Mlangoni mwa kazi hii kuna dirisha. Duka la mtaa limewekewa wavu wa chuma kutoka kaunta hadi dari, na katikati kimeachwa kidirisha ambacho mkate hupita kwa shida. Mtoto wa darasa la pili hafikishi uso wake hapo. Kinachofika ni mkono, sarafu ikiwa kwenye ncha za vidole, na sauti kutoka chini: "Niuzie ais ya kumi." Mama mwenye duka haoni mnunuzi, anaona ngumi. Anauliza rangi. "Nyekundu." "Nyekundu imeisha, iko ya machungwa." "Haya, leta hiyo." Mazungumzo haya hayabadiliki: ombi, kizuizi, kukubali. Ni tamthilia fupi ambayo mhusika mkuu haonekani jukwaani, na tukio lake la mwisho ni kifuniko cha friza kuinuliwa, mvuke mweupe ukateremka ubavuni, kisha ule mkono ukakabidhiwa kitu kinachouma kwa baridi. Sijasikia mtoto akiulizia ladha. Anaulizia rangi. Wanaoitengeneza wanalijua hilo, ndiyo maana wekundu wa ais haufanani na tunda lolote la sokoni na hakuna anayelalamika.

Sasa tuishike yenyewe. Ukiinua ais juani kabla hujaifungua, utaona kwamba kwa nje imefifia, karibu nyeupe, na katikati, kutoka fundo hadi kitako, umepita uzi wa rangi kali. Uzi huo haukuwekwa na mtu. Kwenye friza, kuganda huanzia pale baridi inapogusa, yaani kwenye ngozi ya mfuko, kisha kukaelekea ndani. Maji yanapoganda hujenga fuwele zake kwa maji matupu. Sukari na rangi havina nafasi ndani ya fuwele, kwa hiyo husukumwa mbele, na mbele, na mbele, mpaka vikutane katikati ambako hakuna tena pa kukimbilia. Hapo vinabaki kama shira nzito ambayo hata nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi ya friza ya kawaida, haiigandishi yote. Kila ais basi ina sehemu mbili zilizotengana: barafu isiyo na ladha, na ladha isiyoganda sawasawa. Aliyeimimina alitengeneza kinywaji kimoja. Friza ndiyo iliyokigawa.

Mgawanyo huo ndio unaoamua msuko wa ulaji. Mtoto hung'ata pembe ya mfuko, upande ulio mbali na fundo, akatema kijipande cha plastiki, akanyonya. Kinachokuja kwanza ni ile shira, yote ya karibu, tamu kupita kiasi, ya kukunja uso. Ukimtazama utaona rangi ikiihama barafu: pale mdomo ulipo panabaki peupe, na weupe unapanda kuelekea fundoni kila anaponyonya. Baada ya dakika chache ana mfuko wenye kipande cheupe, kigumu, kisicho na ladha ila ile ya plastiki. Riwaya tulizosomeshwa hupanda mlima polepole, zikafika kileleni, zikashuka. Ais huanzia kileleni. Yote yanayofuata ni kushuka, na mshuko ni mrefu kuliko utamu.

Mhakiki mwenye haraka atasema hii ni kasoro, na akitaka ushahidi ataupata mbali. Mjini New York, katika mtaa wa Corona ulioko Queens, kuna duka liitwalo The Lemon Ice King of Corona, lililoanzishwa mwaka 1944 na familia ya Benfaremo. Linauza barafu ya Kiitaliano, ambayo wahamiaji kutoka Italia waliieneza katika miji ya mashariki mwa Marekani: maji, sukari na tunda, na kama ais yetu, bila maziwa. Tofauti ni kwamba barafu ile hukorogwa muda wote inapoganda. Mkorogo huzivunja fuwele zikiwa changa, na shira haipati nafasi ya kukimbia. Hubaki imezizunguka chembe zote. Huuzwa kwenye kikombe cha karatasi ambacho mlaji hukiminya kutoka chini ili barafu ipande. Ufundi wote umeelekezwa kwenye lengo moja, kwamba tonge la mwisho liwe sawa na la kwanza. Nauheshimu. Ila ukimaliza kikombe kama hicho huna la kusimulia kuhusu katikati yake, maana hakikuwa na katikati.

Tena watoto wa Free Area hawakukubali kushushwa kimyakimya. Wapo wanaoisugua ais kati ya viganja kabla ya kuing'ata, wakapoteza joto la mikono ili shira ilainike na kutambaa. Wapo wanaongoja, ingawa hao ni wachache na mara nyingi wamenyang'anywa kabla ya kungoja kuzaa matunda. Mbinu kuu ni ya ukuta. Mtoto huishika ais kwa fundo, akazungusha mkono, akaibamiza ukutani mwa duka au kwenye ngazi ya saruji, pa, pa, pa, akisikiliza. Mlio wa kwanza ni mkavu, wa kitu kizima. Baadaye unakuwa wa changarawe. Hapo anajua. Barafu imevunjika vipandevipande ndani ya mfuko, shira imetoka katikati na kuvizunguka vipande, rangi imerudi kila mahali. Ndipo anapong'ata pembe.

Tazama alichofanya. Kazi ambayo mwenye duka wa Corona huifanya kwa mashine kabla ya kuuza, mtoto huyu ameifanya kwa ukuta baada ya kununua. Ais huuzwa haijakamilika, na hatua ya mwisho ya utengenezaji imo mikononi mwa mlaji: asipoipiga atapata hadithi inayoanza kwa kelele na kuishia kwenye weupe, akiipiga atapata nyingine, ya utamu uliotapakaa. Ndugu wawili wakinunua mbili za rangi moja wanaweza kula vitu viwili tofauti. Tukizungumzia fasihi simulizi tunapenda kusema kwamba hadhira hushiriki katika utendaji. Darasani kauli hiyo hunipitia tu. Hapa ngazini naielewa.

Kuna mwandishi mwingine ambaye hajatajwa, naye ni stima. Ikipotea mchana kutwa, ais zilizolala kwenye friza huyeyuka nusu, shira ikazama upande wa chini, kisha stima ikirudi usiku ais huganda upya hivyohivyo. Ais ya namna hiyo haina uzi katikati. Ina mstari mzito ubavuni, upande mmoja mwekundu na upande mwingine mweupe. Watoto wakubwa huitambua hata kupitia wavu na kuikataa, au kuidai, kutegemea tabia ya mtu. Yule anayeidai hunyonya kwa pembeni.

Na weupe wenyewe? Maji ya visima vingi vya sehemu hii ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, inayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja, na visima vingi huku huvuka kiwango hicho. Ndiyo maana meno yenye madoa ya kahawia si ajabu kwetu, na ndiyo maana Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilijishughulisha kwa miaka mingi na vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Fuwele ya maji inapoifukuza sukari, hufukuza pia chumvi zilizomo, floraidi ikiwemo. Kwa hesabu hiyo, kile kipande cheupe ambacho watoto hukitemea mtaroni ndicho chenye maji safi zaidi katika mfuko mzima. Silijengi jengo kubwa juu ya jambo hili. Nimelitaja kwa sababu linanichekesha.

Fani hii sasa inabadilika, na aliyeibadilisha zaidi ni sheria. Tangazo la Gazeti Rasmi nambari 2356 la Februari 2017 lilipiga marufuku mikoba ya plastiki ya kubebea pamoja na mifuko bapa, na likaanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti mwaka huohuo, kwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo. Vifungashio vya viwandani, vinavyofunga bidhaa pale inapotengenezwa, viliachwa. Mfuko uliofungwa fundo jikoni haukuwa na mtetezi. Fundo limepungua, ingawa bado utalikuta. Mahali pake pamechukuliwa na ais ya kiwandani, iliyobanwa kwa joto pande zote mbili, yenye maandishi na tarehe.

Nimeilinganisha na ile ya fundo, na hukumu yangu ni kwamba imepoteza zaidi ya ilivyopata. Ni safi zaidi, hilo sibishani nalo. Lakini nyingi ya hizo zina dawa ya kuzitia uzito inayoizuia shira isikimbie, kwa hiyo uzi wa katikati hauonekani vizuri, rangi haihami kwa kasi ile, na mwisho unakaribia kufanana na mwanzo. Imekamilishwa kabla ya kufika kwenye wavu. Fundo pia lilikuwa mpini. Mshono ulionyooka hauna pa kushika, na vidole hufa ganzi mapema. Hata hivyo watoto hawajaambiwa kwamba ukuta hauhitajiki tena. Wanaibamiza vilevile, pa, pa, na plastiki ya kiwandani haikuundwa kwa kipigo hicho. Hupasukia kwenye mshono, nusu ya ais ikamwagika vumbini, na mama mwenye duka, aliyekwisha kuiweka sarafu kwenye kopo, huwaambia kutoka nyuma ya wavu kwamba pesa hairudi.