Ute Unaojua Kusubiri

Mama alikisaga kidonge kwa kitako cha chupa. Kilikuwa kikubwa kama punje ya haragwe, koo lilikikataa, na kwenye bahasha ya dawa palikuwa pameandikwa 1x1 tu. Hakuna aliyemwambia kuwa metformini ile ya kisukari, iliyotengenezwa itoke polepole, humezwa nzima. Dawa ya siku nzima ikamwingia kwa mkupuo. Alishinda akiharisha, nami nikashinda nikijilaumu, maana mwenye cheti cha famasia ndani ya nyumba ile ni mimi.

Jioni, hapo hapo nyumbani Mwadui, nikatumbukiza kidonge kingine kwenye glasi ya maji. Cha kawaida kingesambaratika kabla chai haijapoa. Hiki kilitulia. Nusu saa baadaye kilikuwa kimevaa koti la ute, lenye ukungu kama jicho la samaki wa jana. Tulipomaliza kula kilikuwa kimenenepa, na katikati bado kuna kiini cheupe, kikavu.

Koti hilo ndilo ufundi wenyewe. Maji yakigusa kidonge, unga wa nje hugeuka ute mzito, na dawa ya ndani hulazimika kupenya humo chembe kwa chembe. Ute wa nje ukimomonyoka, mwingine huzaliwa chini yake. Na kumeza baada ya chakula cha usiku kuna sababu: metformini hufyonzwa sehemu ya juu ya utumbo, basi tumbo lililoshiba hukichelewesha kidonge kilichovimba, dawa isipitilize.

Unga wenyewe huitwa haipromelozi, na asili yake ni selulosi ya miti au ya pamba. Pamba! Sisi tuliokua tukiichuma tulijua uzi na mashudu, basi. Kumbe baada ya kuchambuliwa, mbegu hubaki na manyoya mafupi yasiyosokoteka. Hayo husafishwa, yakapikwa kwa magadi makali ya kiwandani na kemikali nyingine, na selulosi iliyokuwa ikilowa tu bila kuyeyuka ikajifunza kuwa ute. Sidai kidonge cha mama kilitoka shamba la Kishapu. Ila huenda kina ndugu huko.

Mgunga nao una utomvu, ule tuliokuwa tukiubandua na kuutafuna machungani. Wafamasia wanautumia tangu zamani kushikamanisha vidonge, lakini huyeyuka upesi mno. Peke yake hauwezi kulinda dawa mpaka alfajiri. Bamia imejaribiwa Naijeria, na ute wake ni mvumilivu zaidi.

Ninachokistahi zaidi ni subira ya fundi wa vidonge. Haipromelozi ina madaraja ya uzito wa ute, kuna ya 4,000 na ya 100,000, na akikosea daraja amekosea dawa. Akishachanganya huchekecha, kama wachimbaji wa Maganzo wanavyochekecha kokoto wakitafuta almasi. Tofauti ni kwamba yeye hatafuti punje moja, anataka zote zilingane. Kisha kidonge hujaribiwa: huwekwa kwenye mililita 900 za maji ya nyuzi 37, kasia likizunguka taratibu, mara 50 au 100 kwa dakika, na sampuli huchotwa saa baada ya saa. Kikimwaga yote mapema, kimefeli. Kikibana mpaka mwisho, kimefeli vilevile. Tangu John Williamson agundue almasi hapa mwaka 1940, Mwadui imezoea kusifu kitu kigumu kisichobadilika. Mimi nakisifu hiki kinacholainika kwa hesabu.

Asubuhi mama aliikuta glasi mezani. Akachukua kijiko, akachota kile kibonge laini, akakiinua juu taratibu kama anavyoinua mwiko jikoni. Uzi ukavutika, mrefu, usikatike.

“Mlenda huu,” akasema.

Nikamwambia karibu apatie.

Akauvuta tena, akiutazama kwa jicho la mpishi. “Na magadi wametia kiasi gani?”