Vitawi vya Modaoxi: jinsi Metasequoia ilivyotambuliwa

Mwaka 1941 Shigeru Miki, mtaalamu wa visukuku vya mimea nchini Japani, alitangaza jenasi mpya: Metasequoia. Visukuku vya namna hiyo vilikuwa vikihesabiwa kuwa Sequoia au Taxodium. Miki alitazama mpangilio wake. Majani na magamba ya koni yalitoka mawili mawili, yakielekeana, ilhali katika jenasi zile mbili hupishana kukizunguka kitawi. Aliamini anaeleza mti uliokwisha kutoweka duniani.

Julai 1943 Wang Zhan, ofisa wa misitu wa China, alipita Modaoxi, kijiji kilichokuwa wakati huo karibu na mpaka wa Sichuan na Hubei, akachukua vitawi na koni za mti mkubwa ambao wenyeji waliuita shuishan. Vilipokauka akavipa jina la Glyptostrobus pensilis, mti wa kusini mwa China unaofanana nao. Jina hilo halikuwa la mti ule. Hata hivyo vitawi vilitunzwa, na mahali vilikotoka palijulikana. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha kazi ya hebaria, hazina ya mimea iliyokaushwa: jina huweza kusahihishwa miaka mingi baadaye, lakini kielelezo kisichojulikana kilikokatwa hakimsaidii mtu kurudi porini.

Na kurudi kulihitajika. Mwaka 1945 baadhi ya vitawi hivyo vilimfikia Zheng Wanjun wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Kati. Alipoona magamba yanaelekeana alijua si Glyptostrobus, ila vipande vile havikutosha kuusimamisha mti mpya. Akamtuma Xue Jiru Modaoxi mara mbili mwaka 1946, Februari na Mei. Miezi hiyo ina maana yake. Mti huu hupukutisha majani, jambo la nadra kwa jamii ya misonobari: Februari uko mtupu lakini una koni za kiume, na Mei umeshavaa majani. Aliyekwenda mara moja tu angerudi na nusu ya ushahidi.

Vielelezo vikapelekwa Beijing kwa Hu Xiansu, aliyekuwa anaifahamu makala ya Miki. Akalinganisha kitawi kikavu na maelezo ya jiwe, vikaafikiana. Mwaka 1948 Hu na Zheng walichapisha jina Metasequoia glyptostroboides. Kisha Mmarekani Ralph Chaney akavipitia upya visukuku vya magharibi mwa Amerika Kaskazini, na vingi vilivyokuwa chini ya Sequoia na Taxodium vikahamishiwa jenasi ya Miki. Mti hai ulikuwa umewafundisha kusoma mawe.

Kwa fedha za Arnold Arboretum ya Chuo Kikuu cha Harvard, mbegu zilikusanywa na kufika Marekani Januari 1948, kisha zikagawiwa bustani za nchi nyingi. Hapo ndipo kumbukumbu za leo zinapotatiza. Karatasi nyingi za spishi hii katika hebaria za Ulaya na Marekani zimetokana na miti iliyopandwa, na si lebo zote zinazosema hivyo. Zikimwagwa zote kwenye hifadhidata moja, programu itachora ramani inayouonyesha mti huu kama mwenyeji wa London, na makadirio ya hali ya hewa unayoivumilia porini yataharibika. Anayezitumia azitenge kwanza zile za Hubei na jirani zake, akisoma lebo moja moja.