Mti wa Krismasi wa Kampala Hutengenezwa Septemba

Ulaya, mti wa Krismasi hulelewa miaka minane hata kumi kabla ya kukatwa, na baridi ndiyo inayoupa umbo: tabaka moja la matawi kila mwaka, kisha mapumziko. Kampala iko karibu na ikweta, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na haijui baridi ya namna hiyo. Hapa mti wa Krismasi ni saipresi yenye asili ya Meksiko, iliyozoeleka Afrika Mashariki kwa ua na mbao, nayo huweza kurefuka mita moja au zaidi kwa mwaka. Kwa familia yenye kitalu kando ya barabara, kasi hiyo yaonekana neema tupu, kumbe ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu mti unaokimbilia juu hubaki mwembamba wenye mapengo. Mteja wa Desemba hulipia upogoaji zaidi kuliko anavyolipia mti.

Nao upogoaji hufuata mvua. Msimu wa pili Kampala ni Septemba hadi Novemba. Anayepogoa mwanzoni mwake hupata machipukizi ya kufunika makovu kabla wateja hawajafika, na anayechelewa huuza mti wenye ncha zilizokatika. Makasi yasivuke sehemu yenye majani mabichi, kwani saipresi haichipui kwenye tawi kuukuu lililo uchi. Matawi yakisongamana mno nayo huwaficha vidukari wa saipresi, wadudu walioonekana Malawi mwaka 1986 kisha wakaenea hadi Kenya na Uganda. Kiriba kinachobeba mizizi nacho kibadilishwe wakati wa mvua za Machi hadi Mei: mizizi iliyobanwa hujizungusha, na mti uliohamishwa wiki chache kabla ya mauzo hunyauka katika ukumbi wa hoteli, mbele ya mlipaji. Kazi hizi, pamoja na kumwagilia wakati wa kiangazi na kulinda usiku, zimetapakaa mwaka mzima, wala mauzo ya wiki chache hayatoshi kulipa kibarua wa miezi 12. Familia hulimudu hilo kwa nguvu zake yenyewe. Nguvu hizo si za bure. Hesabu isiyoziandika, hasa zinapotoka kwa akina mama na watoto walio likizoni, inadanganya.

Yupo atakayesema miti ya plastiki ya China iliyojaa soko la Kikuubo imeshamaliza biashara hii, na kwamba wakazi wengi wa Kampala huenda kula Krismasi kijijini. Yote mawili yana ukweli ndani yake, ila hayafiki kwenye kiini. Ofisi, hoteli na maduka hupamba mapema, kabla jiji halijahama. Tena saipresi iliyokosa mnunuzi Desemba huuzwa Januari kwa anayetaka ua, bei ikiwa chini bila shaka. Pingamizi zito ni ardhi. Kitalu kilicho kwenye hifadhi ya barabara chaweza kuondolewa na Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA, wakati wowote, ndiyo maana mti hukaa kwenye chombo badala ya udongo wa chini. Kwa mwenye kitalu wa namna hiyo, mti uliozidi kimo cha mtu ni hatari kuliko faida: bei yake inavutia, lakini siku ya kufukuzwa hautapakiwa kwenye pikapu pamoja na mingine.