Askari Wenye Jina na Askari Wasio na Jina

Kiko kitabu kimoja ambacho kila mtu anayetafuta habari za babu yake aliyekuwa askari yafaa akijue. Mwandishi wake ni Bibi Griet Brosens wa Ubelgiji. Kilitoka mwaka 2013, kwa Kiholanzi na kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa chaitwa Du Congo à l'Yser. Chasimulia habari za Wakongo 32 waliopigana kule kule Ulaya, katika jeshi la Ubelgiji lenyewe, wakati wa Vita Kuu ya 1914-1918.

Sifa yake kubwa ni kwamba hakiwataji watu kwa mafungu, bali mmoja mmoja, kwa jina. Yumo Paul Panda Farnana, mzaliwa wa Nzemba karibu na Banana, aliyesoma ukulima huko Ubelgiji, akajitolea kupigana, akatekwa na Wadachi mwaka 1914. Alipofunguliwa aliunda chama cha kusaidiana Wakongo mwaka 1919. Yumo pia Albert Kudjabo, mfungwa kama yeye. Wataalamu wa Kidachi waliinasa sauti yake kambini, na sauti hiyo ingali imehifadhiwa Berlin mpaka leo. Msomaji hawezi tena kusema "askari weusi". Itambidi aseme: Panda, Kudjabo.

Basi, tujiulize: kwa nini hao 32 wanajulikana hivi, na maelfu wengine hawajulikani? Je, walikuwa mashujaa kupita wenzao? Hapana. Waliandikwa katika jeshi la Ulaya, na jeshi lile liliweka faili la kila mtu. Hiyo ndiyo sababu.

Sasa tuwatazame askari wa kwetu. Askari wa Katanga walikwenda kuwasaidia Waingereza Abercorn mwaka 1914, na Saisi mwaka 1915. Wenzao wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, kisha Mahenge mwaka 1917. Katika vita vya pili Force Publique ilipanda mpaka Uhabeshi, na mwezi wa Julai 1941 majenerali tisa wa Italia walijitoa mikononi mwake huko Saio. Katika vitabu vingi vya vita hivyo utayaona majina ya wakubwa: Tombeur, Olsen, Gilliaert. Askari huhesabiwa kwa batayo. Nao wapagazi, waliobeba risasi na unga, na waliokufa wengi kuliko askari, huhesabiwa kama mizigo waliyoibeba.

Kwa hiyo simlaumu Bibi Brosens. Alifanya kazi yake kwa haki. Namlaumu msomaji atakayekifunga kitabu akidhani kwamba hao 32 wasimama mahali pa wote. Hawasimami. Waonyesha tu ni kitu gani wengine walinyimwa.

Wala jambo hili si la Wabelgiji peke yao. Mwezi wa Aprili 2021, tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, waliofia upande wa Waingereza katika vita vile vya kwanza, hawakukumbukwa kwa majina yao, na labda wengine hawakukumbukwa hata kidogo. Ilitimia miaka mia moja na zaidi kabla neno hilo halijasemwa.

Afanye nini basi mjukuu wa Likasi? Wengi hukimbilia kuandika barua Brussels. Ni kweli, nyaraka nyingi za serikali ya kikoloni zilipelekwa huko karibu na uhuru wa 1960. Lakini barua yenye jina moja tu haina nguvu. Karani wa jeshi aliliandika jina kama sikio lake lilivyolisikia, na kijana naye aweza kuwa alijiandikisha kwa jina jingine. Tuanze nyumbani. Tuulize: kijiji gani, chini ya sultani gani, baba yake nani, alirudi mwaka gani? Liko sanduku lenye kijitabu cha uaskari au nishani? Iko namba yake ya jeshi? Kisha twende parokiani. Kitabu cha ubatizo na cha ndoa huandika wazazi na msimamizi, na mara nyingi kijiji pia. Yule padri aliyeandika hakufikiri habari za vita, lakini mstari wake mmoja waweza kutuonyesha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja.

Tena tusitafute sifa peke yake. Mwaka ule ule wa Saio, mwezi wa Desemba 1941, askari wa Force Publique waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Wako kati yetu wajukuu wa askari, na wako wajukuu wa wachimbaji, na pengine mtu ni mjukuu wa wote wawili. Anayefungua faili la babu yake awe tayari kusoma yote yaliyomo. Tukichagua yale matamu tu, tutakuwa tumefanya kama wale walioandika majina ya wakubwa na kuwaacha wadogo.

Jambo la mwisho ni la haraka. Wazee waliosikia habari hizi kwa vinywa vya askari wenyewe wanapungua kila mwaka. Tuchukue daftari, twende kwao, tuandike jina la aliyesema na tarehe. Faili la Brussels laweza kungoja mwaka mwingine. Mzee hawezi.